Vitabu Viwili vya Saroj

Jumamosi asubuhi Mwalimu Pelagia alisimama mbele ya kaunta ya duka la Nanji, mjini Tabora, akitazama vitabu viwili vya kalkulasi ya juu vilivyowekwa kati ya mizani ya sukari na chupa ya peremende. Kimoja kilikuwa kinene, cha jalada la kijani, kimechapwa Uingereza. Kingine kilikuwa chembamba, kimechapwa Bombay, na kurasa zake zilinuka dawa ya nondo. Vyote vilikuwa vya Saroj, mke wa mtoto wa Nanji. Alikuja navyo ndani ya sanduku la harusi, akiwa ameacha chuo katikati, na tangu hapo sanduku lilikuwa halijafunguliwa.

Pelagia alifundisha hesabu katika shule ya wasichana. Kalkulasi ya mwanzo alikwisha kujifunza mwenyewe, kwa kitabu alichoachiwa na padri mmoja wa seminari ya Kipalapala aliyerudi kwao. Sasa alitaka kusonga mbele afanye mtihani wa nje, ule unaotoka London.

"Nitakupa kimoja," Saroj alisema. "Kimoja nitabaki nacho."

"Kipi kinamfaa mtu asiye na mwalimu?"

Kabla Saroj hajajibu, msafara uliingia.

Nanji alikuwa amejenga duka lake juu ya njia ya zamani ya misafara bila kujua, na alipojua alikuwa amekwisha kupaka chokaa. Kila Jumamosi wapagazi waliingia kwa mlango wa mbele, wakapita katikati ya magunia ya chumvi na kutokea uani, kuelekea mashariki. Walikuwa wamekufa siku nyingi. Walibeba pembe za ndovu begani, shingo zimepinda, na nyuma yao alikuja mnyapara na kiboko chake. Marko, fundi cherehani, aliinua miguu ili wapite. Wateja nao waliinua vikapu vyao, kwa kuwa chochote kilichokutwa sakafuni kiliokotwa na kuongezwa juu ya mzigo wa mtu. Nanji alipoteza hivyo debe la mafuta ya taa na mwavuli. Alikwenda bomani kulalamika, akaelezwa kwamba njia ya misafara ilifungwa tangu reli ilipofika, kwa hiyo hakuna anayepita. Nanji akarudi na kuupanua mlango wa nyuma.

Barazani alikaa Siwema, mama yake Pelagia, akiwatazama mmoja mmoja. Alikuwa akimtafuta baba yake, Masolwa, mtu wa Tura. Msafara uliotoka pwani ulimkamata Masolwa akitoka shambani, ukamtwisha vitambaa mpaka Ujiji, na akaahidiwa kwamba wakati wa kurudi ataachiliwa wakifika Tura. Siwema alikuwa bado tumboni. Alichoambiwa na mama yake ni kwamba sikio la kushoto la Masolwa lilichanika utotoni. Lakini wapagazi wengi walibeba kwa bega la kushoto, na pembe zilifunika masikio.

Mnyapara alipokwisha kupita, Marko alirudisha miguu chini. Saroj alifuta vumbi juu ya vitabu.

"Hiki chembamba kina majibu nyuma," alisema. "Ukikosea, kinakwambia. Hiki kinene hakikwambii kitu, kinakutaka uthibitishe mwenyewe. Ukisoma peke yako, mwalimu, ugumu si neno. Kibaya ni kudhani umeelewa. Chukua vyote viwili. Tafuta somo moja lililomo humu na humu, usome kote. Kisha funga kitabu ujieleze kwa sauti. Kile utakachoweza kujieleza baada ya kukifunga, ndicho chako."

Pelagia alivichukua mpaka nyumbani kwake, mtaa wa Ng'ambo. Alichagua somo la eneo lililo chini ya mstari uliopinda. Katika kitabu chembamba alimaliza mazoezi yote kabla maharage hayajaiva, na majibu yake yalilingana na ya nyuma. Alipokifunga akamweleza mama yake, maneno yakamwishia njiani. Aligundua kwamba alikuwa akichungulia nyuma kwanza, kisha anatafuta njia ya kufika huko. Katika kitabu kinene alikwama kwenye ukurasa mmoja siku kadhaa, akiufikiria hata akiwa anasahihisha madaftari ya watoto. Ulipofunguka, ulibaki wazi.

Siwema aliyasikiliza maelezo ya ukurasa huo mpaka mwisho huku akipepeta mpunga. "Hayo yanakwenda sawa," alisema.

Jumamosi iliyofuata Pelagia alirudisha kile chembamba. Saroj alikitazama kidogo.

"Nilitumaini utachagua hiki chembamba," alisema. "Mimi pia nilikipenda kile cha kijani."

"Basi tubadilishane, dada."

"Hapana. Umechagua vizuri."

Ili aandikishwe kwenye mtihani, Pelagia alihitaji saini ya mkuu wa shule. Huyo alikuwa mama wa Kiingereza asiyepandisha sauti. Ofisini kwake bado zilining'inia bendera ndogo za sherehe za kutawazwa kwa malkia. Alimkaribisha Pelagia kiti, akakifungua kitabu cha kijani, akakifunga.

"Wewe ni mwalimu mzuri sana, Pelagia. Hii utaifanyia nini?"

"Nitaijua, Madam."

"Mtihani huu haukuwekwa kwa ajili ya walimu wa kike wa Kiafrika. Nikisaini, nitaulizwa. Nimekuandikisha mafunzo ya upishi. Utafurahi."

Pelagia alisema ahsante. Alitoka, akasimama chini ya kengele ya shule, akasubiri uchungu uje. Haukuja. Kengele ilipigwa, akaingia darasani kufundisha hesabu za sehemu.

Jumamosi alikiweka kitabu cha kijani juu ya kaunta.

"Hakusaini. Chukua chako, dada Saroj."

Saroj alikisukuma kikarudi. "Sikukupa kwa ajili ya saini."

Kisha alichukua kile chembamba kutoka chini ya kaunta, akazunguka mpaka mbele, akakilaza sakafuni katikati ya magunia. Nanji alimwona, akaendelea kufunga majani ya chai.

"Mbona unakiweka hapo?" Pelagia aliuliza.

"Nikikifungua, mama mkwe ananiita. Nikikifunga, haniiti. Acha kiende pwani. Pwani kuna meli za Bombay."

Msafara ukaingia. Mpagazi mmoja aliyekuwa karibu na mkia alifika penye kitabu, akasimama. Ili ainame, ilimbidi aitue pembe. Alipoitua, sikio lake la kushoto likaonekana, limechanika mpaka kati.

Siwema aliinuka barazani, akaingia, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mpagazi alisema. "Wewe nani?"

"Siwema. Uliniacha tumboni."

Masolwa alimtazama kikongwe huyo, mwenye mvi kumzidi yeye. "Mama yako hajambo?"

"Tulimzika."

"Walisema wataniachilia Tura. Ni mbali?"

"Kwa treni si mbali, baba."

Masolwa alitikisa kichwa. Alikiokota kitabu, akakiweka kichwani, akaitia pembe begani. Pelagia alinyoosha mkono.

"Nipe kitabu, babu. Hicho ni cha dukani."

"Kimekwisha kuwa mzigo," Masolwa alisema. "Nitaulizwa."

Mnyapara aligonga kiboko kwenye gunia. Masolwa akaondoka, akatokea uani, na kuku wakampisha.

Siwema alipanda treni kwenda Tura. Alikaa kwa ndugu zake huko, na kila asubuhi alikwenda stesheni na kibuyu cha maji, akaitazama njia inayotoka magharibi. Alimaliza mwezi huko. Aliporudi alisema kwamba Tura wanafika wasafiri wa treni na wachuuzi wa asali, na msafara haufiki.

Dukani, wakati huo wote, Masolwa alipita kila Jumamosi. Sasa alijulikana kwa urahisi, maana ndiye peke yake aliyekuwa na kitabu kichwani. Shingo yake ilikuwa imepinda zaidi. Pelagia alitembea naye kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma, mkono chini ya pembe, akiisukuma juu. Haikupungua uzito.

"Tura bado?" Masolwa aliuliza kila mara.

"Bado, babu."

Siku za kazi Pelagia alikwenda kwenye mafunzo ya upishi, akajifunza keki. Jioni alisoma kitabu cha kijani. Alikuwa amefika katikati, na hakuna aliyemwambia amekosea wala amepata.

Jioni moja Siwema alimwita.

"Kile kitabu alichobebeshwa baba yangu kina uzito gani?"

"Si kizito, mama. Ni chembamba."

"Ni chembamba juu ya meza," Siwema alisema. "Mwambie Saroj asiweke tena kitu sakafuni."

Pelagia alimwambia. Saroj alikuwa akipima sukari. Alingoja mizani itulie, akasema hana kitu kingine cha kuweka.