Kidonda Kimoja, Wagonjwa Wawili

Mjukuu wangu, mhariri wa jarida la madaktari, alinisimulia haya jana mchana, hata viatu hajavua. Makala ya mwalimu wake wa zamani, iliyochapishwa humo, ilisifu dawa ya vidonda, na hospitali zilishaanza kuitumia. Lakini picha za wagonjwa wawili zilionyesha kidonda kilekile, kimegeuzwa juu chini tu.

Akampigia tena mwalimu aombe picha za mwanzo.

"Mwanangu, kompyuta iliibiwa."

"Juzi ulisema iliungua, mwalimu."

"Iliungua, kisha ikaibiwa. Unanihoji mimi niliyekufundisha?"

"Bibi, mwizi gani anaiba majivu?" mjukuu aliniuliza.

Makala hakuiondoa jaridani. Kila ukurasa aliuandika "Imebatilishwa", na sababu yake, madaktari waione. Kisha akalala kwenye kochi, mwalimu akiendelea kupiga simu.