Pakiti za Petunia

Siku bunge la Pennsylvania lilipopitisha sheria ya kuruhusu shule kuwapa watoto maziwa ya humuhumu jimboni, Wilmer Hostetter alikuwa akimwaga lita elfu moja za maziwa yake mtaroni. Kiwanda kilichokuwa kikiyanunua kilikuwa kimemwacha kwa barua ya mistari minne. Mnada wa ng'ombe wake arobaini ulikuwa Ijumaa. Shule ikiyachukua maziwa yake, mnada unafutwa. Isipoyachukua, ndiyo basi tena.

Dada yake Arlene, mpishi mkuu wa shule, alimpigia simu. Ruhusa ipo, alimwambia, ila yaje kwenye pakiti zilizofungwa. Wilmer hakuwa na mashine ya kufungia pakiti. Alizunguka uani kutwa nzima.

Kesho yake Petunia, ng'ombe mkubwa kuliko wote zizini, alipokamuliwa akatoa pakiti. Zilikuwa za robo lita, zimefungwa vizuri, na tarehe juu. Kufikia jioni wenzake wote walikuwa wamemfuata. Wilmer alilalamika tu kwamba vidole vinamuuma kwa kukamua pakiti. Arlene alikuja, akafungua moja, akanywa.

“Ya moto haya,” alisema. “Yatie kwenye friji.”

Jumatano akaja mkaguzi, mtu mpole, buti zake safi. Alizitikisa pakiti, akazibonyeza, hakuona kasoro. Kisha akaulizia namba ya kiwanda. Kwa kanuni, kiwanda ni pale maziwa yanapofungwa, kwa hiyo kiwanda ni Petunia. Na kiwanda lazima kiwe na sakafu ya kuoshwa, sinki la kunawia na vyoo viwili vya wafanyakazi. Alimzunguka Petunia mara mbili, akainama kuchungulia chini ya tumbo, akaandika.

“Vyoo sijaviona,” alisema.

“Bwana, huyu ni ng'ombe.”

“Ndiyo shida yenyewe, Bwana Hostetter.”

Maombi ya usajili huchukua siku tisini. Wilmer alihesabu siku zilizobaki, zikawa mbili, akahesabu tena kama mpumbavu. Arlene alimwendea mwalimu mkuu, akambembeleza mpaka yeye mwenyewe akaona haya. Mwalimu mkuu akamwambia sheria inaruhusu, hailazimishi, na mkataba wa maziwa wa shule na kampuni ya jimbo jingine ni hadi Juni.

Ijumaa ng'ombe walipakiwa. Mnunuzi aliziona pakiti zikidondoka kwenye sakafu ya lori, akazisukuma kwa mguu, akasema yeye ananunua nyama. Wilmer alibaki zizini anafungua malango na kuyafunga, hana ng'ombe wa kumtoa.

Lori lilipita mbele ya shule saa ya chakula, pakiti zikimwagika barabarani. Watoto walitoka mbio kuziokota. Arlene aliwafuata, akawanyang'anya moja moja, maana hazikuwa na namba naye ana ajira yake ya kulinda. Alilia waziwazi mbele yao. Halafu akawapanga foleni, akawagawia maziwa ya kampuni.