Wanyama Walioachwa na Kidole Mdomoni

Jana mchana niliota, tena nikiwa kazini. Mimi ni Mwalimu Subilaga wa chekechea hapa Tukuyu, na saa saba kazi yangu ni kulaza watoto thelathini na wawili. Wao walikataa, nikalala mimi. Mwalimu mkuu akiuliza, nilikuwa nawaonyesha mfano.

Kabla ya hapo tulikuwa tumesoma kitabu cha picha za wanyama, na kichwa changu kilijaa mawazo ya Tumpe. Tumpe ana miaka minne. Tangu aanze shule Januari hajatamka neno darasani, na sasa ni Juni. Nikifunua picha ya ng'ombe, wenzake wanalia mooo mpaka mabati yanatetema. Yeye anatazama tu, kidole mdomoni. Mimi nilidhani ni mtoto wa kunyonya kidole. Mama yake anaapa kwamba nyumbani anaongea kutwa nzima, hana breki. Mwalimu mkuu alishaamua: asipofungua mdomo kufikia Ijumaa, arudishwe nyumbani akakue kwanza. Jana ilikuwa Alhamisi. Iliniuma sana, maana yule mtoto nampenda.

Basi, ndotoni nimekaa mkekani, kitabu mapajani. Nafunua ukurasa wa kwanza. Ng'ombe yupo, ila ameingiza ukwato mdomoni.

"Ng'ombe analiaje?" nauliza.

Ng'ombe ananitazama. Kimya.

Nafunua wa pili. Simba naye, makucha mdomoni mpaka machozi yanamlengalenga. Jogoo amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameubana kwa mdomo. Nyoka, ambaye hana kidole wala mguu, ametumia mkia, na sasa ni duara kama kata ya kubebea ndoo.

"Humu kuna nini?" nasema.

"Punguza sauti, mwalimu, watoto wanalala," anasema twiga. Shingo yake imetoka kitabuni, imepita dirishani na kurudi kupitia mlangoni. "Kwanza niwie radhi. Nimejaribu tangu Januari, mguu haufiki. Ndiyo maana naongea."

"Radhi ya nini?"

"Si ulisema kidole mdomoni?"

Ni kweli, nilisema. Walimu wa chekechea tunasema kila siku. Watoto wakizidisha kelele, unapaza sauti, "Kidole mdomoni!" na darasa linatulia. Siku ya kwanza ya muhula nilipaza hasa, kitabu kikiwa wazi mbele yangu.

"Lakini watoto walitoa wenyewe baada ya dakika moja!"

"Hao hawana adabu," anasema twiga. "Sisi tumelelewa. Tunasubiri useme toa."

Hapo mkeka unageuka ofisi ya mwalimu mkuu, na ofisi iko katikati ya mto. Naona ni sawa tu. Kwenye kiti cha mwalimu mkuu amekaa tembo, miwani usoni, mkonga mdomoni, anaandika barua kwa mguu. Nachungulia. Imeandikwa: Wanyama wasiolia warudishwe porini wakakue kwanza.

"Mheshimiwa, hata wewe hulii," namwambia.

Tembo anafikiri, kisha anaongeza jina lake mwishoni mwa orodha.

"Fanya haraka kabla hajapiga muhuri," twiga ananihimiza. "Mwambie kila mmoja kwa jina lake, tena kwa upole. Kutangazia darasa zima ndiko kulikotufikisha hapa."

Nakunja gauni, naingia majini. "Ng'ombe, toa." Ng'ombe anatoa ukwato, anaufuta kwenye nyasi, anasema ahsante, kisha analia mooo ya miezi sita mfululizo. "Simba, toa, baba." Simba ananguruma mpaka viatu vyangu vinaondoka na maji. Jogoo anawika. Nyoka ananyooka na kuuliza leo ni tarehe ngapi. Tembo namwambia mwisho kwa sababu ya cheo chake. Anavuta pumzi na kupiga baragumu, barua inapeperuka na kuzama.

Amebaki kiboko, macho tu juu ya maji, mguu mzima kinywani. Naanza kumfuata. Nyuma yake namwona mwingine kwenye foleni. Ni Tumpe, maji yanamfika kiunoni, kidole mdomoni, anangoja zamu yake bila kusukuma mtu.

"Mwanangu! Kumbe na wewe ulikuwa unasubiri?"

Anaitikia kwa kichwa. Navuka kumwendea, nateleza, naamka.

Shavu langu lilikuwa limegandana na ukurasa. Watoto walikuwa wamenizunguka wakicheka, isipokuwa mmoja. Tumpe alisimama mbele yangu, mtulivu, kidole mahali pake. Nikapiga magoti. Nilikuwa na aibu.

"Tumpe, mama," nikamwambia taratibu. "Nisamehe. Toa."

Akatoa. Kidole kilikuwa kimesinyaa kwa mate. Akakifuta kwenye sketi, mbele na nyuma.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Tumpe hakuishia hapo. Akainama juu ya kitabu, akafunua kurasa mpaka akapata aliyemtaka, kisha akaninong'oneza ili wenzake wasisikie.

"Na kiboko? Yeye bado hujamwambia."