Shuka Chakavu na Mkono wa Msimamizi

Kwa miaka kumi na tisa Mama Pasi alinyoosha mashuka ya hoteli, na hakuwahi kuunguza hata foronya moja. Lakini pale kwenye chumba cha kufulia hakuna aliyemhesabu kuwa mjuzi wa jambo lingine. Mafunzo ya huduma ya kwanza yalipotangazwa, msimamizi alimtuma yeye: "Nenda wewe, mama. Sisi wengine tuna kazi." Akaenda. Huko, kila wakufunzi walipotafuta mtu wa kujaribu, wa kwanza kusimama alikuwa yeye.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja sabuni ya maji ilimwagika sakafuni, msimamizi akaja mbiombio, mguu ukateleza, puu! Akaangukia mkono wa kushoto. Alipoinuliwa, jasho lilikuwa likimtiririka na kifundo cha mkono kimeanza kuvimba.

"Uvuteni, utarudi!" alisema fundi wa mashine, tayari ameshakunja mikono ya shati.

"Asimguse mtu!"

Sauti ile ilimshtua hata Mama Pasi mwenyewe. Fundi alirudi nyuma.

Alichomoa shuka chakavu kwenye rundo la matambara, akakata mraba mkubwa, akaukunja kona kwa kona ukawa pembe tatu.

"Kaa hapa, baba. Ushikilie mkono wako kwa chini, hivyo hivyo."

"Mama, sifi kweli?"

"Kwa mkono? Hufi. Ila ukijitikisa utajuta kuzaliwa."

Watu wakacheka, hata mgonjwa. Mama Pasi akapitisha kitambaa taratibu kati ya mkono na kifua, ncha moja ikapanda bega lisiloumia, ile ya chini akaipandisha juu ya mkono hadi bega la upande ulioumia. Akafunga fundo kando ya shingo, akaliwekea taulo dogo lisikwaruze. Kona iliyobaki kiwikoni akaikunja na kuibana kwa pini. Vidole akaviacha nje, akabonyeza kucha moja kuona kama damu inarudi. Ilirudi.

Akampeleka zahanati mwenyewe. Daktari alimzunguka mgonjwa akilitazama lile fundo.

"Huyu kafungwa na nesi gani?"

"Si nesi," msimamizi alijibu, na hakuona haya kulisema. "Ni mama yetu wa pasi."

"Basi mama, wanafunzi wangu waje kwako."

"Ni kitambaa tu, daktari," alisema, lakini alitoka pale kama aliyevishwa nguo mpya.

Jioni mumewe alisikia kisa kizima mara tatu. Mara ya tatu alikisikia akiwa ameketi kitini, mkono umening'inizwa kwa mtandio wa mkewe, nusura kikombe cha chai kimponyoke.

"Umeona vidole vilivyo huru?" Mama Pasi alimuuliza.

"Nimeona, mke wangu. Sasa mwite na jirani, naye aje aone nimeoa nani."

Mama Pasi akaenda kumwita.