Mama Bravin Hana Watoto

Pale Kosele hakuna anayemjua mtu anayeitwa Nyamusi. Uliza sokoni Nyamusi anakaa wapi, watakutazama kama askari wa kanjo aliyekuja kudai ushuru. Lakini uliza Mama Bravin, hata mwenye posho mill atazima mashine akuonyeshe kwa kidole: yule pale wa nyanya, Mkisii aliyetoka upande wa Migori, anayegombana na wateja kwa Kijaluo kuwashinda Wajaluo wenyewe.

Mwaka huu akaongeza Kiarabu.

Alijifunza kwa simu, saa nane mchana, jua likiwa limefukuza wateja, simu ameiegemeza kwenye debe la omena la jirani yake Kezia. Kwenye kioo walikuwa wanawake kumi na mmoja, kila mmoja ndani ya kisanduku chake kama mayai kwenye trei, na juu yao mwalimu, Valentine, aliyefanya kazi za nyumba Ghuba miaka sita akarudi Nairobi na sauti ya kuamrisha. Darasa lilikuwa la ajenti mmoja wa mjini Migori anayepeleka wanawake kazi za Uarabuni. Usipolimaliza, huonyeshwi kwa madam, mwajiri wa kule. Madam asipokupenda, hakuna ndege. Na bila ndege, Bravin, aliyekuwa amepita mtihani vizuri, angekosa karo abaki kuchunga ng'ombe wa watu. Hilo halikuwa na maelezo mengi.

Siku ya kwanza hawakufundishwa hata salamu.

"Sentensi ya kwanza ndiyo itawapeleka au itawarudisha kijijini," mwalimu akasema. "Madam atauliza, una watoto? Utajibu: *Ma indi awlad.* Sina watoto. Haya, wote!"

Wakaimba wote isipokuwa mmoja.

"Nyamusi, sikukusikia."

"Mwalimu, na kama niko nao?"

"Uko nao wapi? Madam hataki mtu wa kujifungia chooni na simu akilia. Anataka mtu hana mtu. Sema."

Akasema. Kezia, aliyekuwa akipepeta omena, akainua kichwa.

"Umesema nini hapo?"

"Nimesema sina watoto."

Kezia akatema mate chini. "Eei! Futa hayo maneno, Mama Bravin. Watoto wako hai, wanakula, wanacheka, unawatupia nini?"

Nyamusi alicheka, lakini jioni hiyo alimwita binti yake Mourine mara tatu bila sababu, kusikia tu akiitika.

Kwa wiki nane aliisema. Aliisema akipanga nyanya, akifua, akikaanga mboga, mpaka mdomo ukaizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Moyo haukuzoea. Huyu hakuwa mtu wa kusahau, na kwao hawakusahau. Bibi yake alilea mtoto wa mzungu kule Kericho, akambeba mgongoni mpaka akajua kutembea, na miaka yote hiyo hakuitwa jina, aliitwa yaya. Siku moja mtoto wake mwenyewe alimfuata mpaka mlango wa jikoni. Memsahib akauliza, toto hili la nani? Bibi akajibu, ni la jirani. Toto hilo la jirani ndiye Mong'ina, mama yake Nyamusi. Leo ana mvi kichwa kizima, na bado akilitaja neno lile anageuza uso ukutani. Bendera ilishushwa, nyingine ikapandishwa, tukaimba wimbo mpya, na mjukuu wa yaya ameketi sokoni anafundishwa jibu lile lile. Tofauti ni kwamba sasa analipishwa mafunzo.

Wiki ya tisa walifika kwenye heshima.

"Madam haitwi jina lake," Valentine akasema. "Kule mwanamke wa heshima huitwa kwa mtoto wake. Wewe Nyamusi, wako ataitwa *Umm Khalid*. Maana yake Mama Khalid."

Nyamusi akaweka nyanya chini.

"Kumbe wanaitana kama sisi."

"Ndiyo."

"Yeye ni Mama Khalid."

"Ndiyo, Nyamusi."

"Na mimi, Mama Bravin, ni nani?"

"Wewe ni Nyamusi, huna watoto. Tuendelee."

"Tusiendelee. Yaani nivuke bahari nikamheshimu mtu kwa sababu amezaa, na mimi niliyezaa niwe gogo?"

Kabla mwalimu hajajibu, nyuma yake sauti ndogo ikapasua nyumba: "Mamaaa! Nimemaliza! Kuja unipanguse!"

Valentine akageuka, akarudi, uso umekauka.

"Ni wa jirani," akasema, akazima sauti.

Hakuna aliyecheka. Nyamusi alikuwa haoni tena simu. Alikuwa anaona mlango wa jikoni, Kericho.

Siku ya kuonyeshwa alikwenda Migori. Omosa, ajenti mwenyewe, alimvua hereni kwa mkono wake, akamkalisha mbele ya kompyuta, akasimama pembeni.

"Jibu kama ulivyofundishwa, basi. Usiniaibishe."

Madam akatokea, mwanamke wa rika lake, macho yamechoka. Akauliza polepole, kwa Kiarabu, una watoto?

Nyamusi aliijua sentensi. Ilikuwa imekaa mdomoni tayari. Akamfikiria Bravin na ng'ombe wa watu. Akamfikiria pia akiwa mlangoni mwa mtu, anaulizwa wewe ni wa nani.

"*Ana Umm Bravin*," akasema. "*Wa Umm Mourine*."

Madam akanyanyua nyusi, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa wa mtu anayesalimiana na mwenzake kisimani. Kisha akamtazama Omosa, akasema maneno mawili ya haraka, kioo kikawa cheusi.

"Umeniharibia jina!" Omosa akafoka.

"Wewe langu umeliharibu wiki tisa. Lete hereni yangu."

Nje, kwenye veranda, alifungua grupu la darasa, akarekodi: "Mimi ni Mama Bravin na Mourine. Nimekataliwa. Nyinyi ni akina mama nani?"

Kisha Bathsheba wa Sindo akaandika: Mama Cliff. Kisha Phanice wa Isebania: Mama Liz, na Werema niliyemzika, yeye pia ni wangu. Wa nne, wa tano. Chini ya jina la mwalimu ikaonekana kwamba anaandika. Ikakoma. Anaandika tena. Ikakoma. Kisha Nyamusi akatolewa kwenye grupu.

Simu ikalia. Bathsheba.

"Mama Bravin, na sisi ametutoa. Wote tulioandika. Sasa?"

"Sasa tunamtafuta Valentine. Ndiye ana namba za madarasa yote yaliyopita, nao tuwaulize ni akina mama nani."

"Yule? Atakataa!"

"Akikataa, mwulizeni yule mtoto wa jirani anaitwa nani."