Kalamu Isiyo na Adabu

Gari la baba mkwe wake liligoma kuwaka siku ya Alhamisi, na kufikia Ijumaa asubuhi kila mtu nyumbani alikuwa na jibu isipokuwa yeye, ambaye ndiye fundi umeme wa magari. Huyu alisema betri, yule alisema mafuta machafu. Jibu la mumewe lilikuwa baya kuliko yote. Wiki iliyopita mzee alilisahau gari sokoni, akarudi kwa miguu akipiga mluzi, na sasa mume alihisi kuna jambo jingine limesahauliwa. Akifunga kamba za viatu kwenda kazini, alimwambia mkewe polepole:

"Likague vizuri, uniambie kilichoharibika ni gari au ni baba. Kama ni baba, leo jioni nachukua ufunguo."

Alijua mkewe hasemi asichokipima. Na fundi alijua kwamba ufunguo ule ukiondoka, nusu ya mzee itaondoka nao.

Alianza taratibu, kama kawaida yake. Stata ilizunguka kwa nguvu, injini haikushika. Betri ikatoka lawamani. Fyuzi ya pampu ya mafuta ilikuwa nzima, ila pampu yenyewe haikupata umeme. Basi waya umekatika mahali, katikati. Mwingine angeng'oa zulia lote. Yeye alifungua betri, akatoa kifaa chake cha vipande viwili: kisanduku, alichokibana kwenye waya wa pampu chini ya kiti cha nyuma, na kalamu ya plastiki inayolia kila ikipita juu ya waya huo, hata ukiwa umefichwa. Waya ukikatika, nayo hunyamaza.

Mzee, fundi cherehani mstaafu, alisimama karibu mno. Alishauri zikaguliwe taa za nyuma. Kalamu ikapita ikilia kando ya mlango. Mzee akasema huenda ni honi. Fundi akamshukuru kwa yote mawili, akaendelea. Mara mlio, badala ya kunyooka mbele kwenye fyuzi, ukakata kona kuelekea kiti cha dereva.

Mzee akaingia upesi, akakaa kwenye kiti hicho. Akasema magoti yanamsumbua.

Baba mkwe haambiwi "toka". Fundi alizunguka, akapitisha kalamu nyuma ya kiti. Ikapanda ikilia hadi usawa wa kiuno cha mzee, ikapiga kelele kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Juu kidogo ya hapo, kimya.

"Baba, ama umemeza waya, ama kuna kitu kwenye hiki kiti."

"Hiyo kalamu yako haina adabu," alisema mzee, akainuka.

Viti vile alivishona mwenyewe, ngozi nyekundu iliyopambwa vifungo vya mviringo. Fundi alivibonyeza kimoja kimoja, na cha kiunoni kikalia *tiki*. Akarudisha betri, akawasha. Gari likanguruma, lakini yeye hakufurahi. Ile ilikuwa swichi ya kuzuia wezi, na gari halikuwa na ugonjwa wowote. Basi amebaki baba. Akamuuliza, kwa upole wote alionao, kama alisahau kuwa aliizima.

"Nisahau kifungo nilichokishona kwa mkono wangu?" Mzee alichukia kweli. Kisha akatazama kando, akaeleza. Kila Jumamosi mwanawe, mume wa fundi, huliazima gari, akalirudisha kiti kimesukumwa nyuma, redio inapiga kelele, tangi kavu. Kumkatalia mtoto mbele ya mkewe aliona haya. Gari likigoma lenyewe, hakuna aliyemnyima mtu. "Ile ya sokoni nilisahau, sikatai. Hii nilikaa nikaifikiria."

Fundi aliuma mdomo asicheke. Akauliza amjibu nini mumewe.

"Mwambie ukweli. Ila ningoje nifike barabarani."

Gari lilipokata kona, fundi alipiga simu. Mume hakusalimia.

"Eh? Gari au baba?"

"Gari zima, baba mzima. Nimefuata waya mpaka mwisho, nimekukuta wewe."

Akamsimulia yote. Mume akauliza, kwa sauti ndogo, kama mzee ameondoka na mafuta ya kutosha. Akajibiwa kwamba anayejua alibakiza kiasi gani ni yeye mwenyewe.