Meno ya Karatasi

Mimi ni mwepesi wa hasira, sifichi. Wateja wangu wanajua: ukiniuliza "fundi, bado tu?" mara ya tatu kwa siku moja, utaondoka na kitambaa chako mkononi. Kwa hiyo Jumatano ile, kaka yangu alipojitazama kwenye kioo cha chumba changu cha kushonea, akavua koti nililomshonea na kuanza kulikunja, nilichemka. Bora angenitukana.

"Asante, mdogo wangu," akasema. "Mwambie mtoto aingie ukumbini na mjomba wake. Mimi nitakaa nyuma."

Mtoto mwenyewe ni binti yake wa pekee, na harusi ilikuwa Jumamosi. Kitambaa cha koti lile, cha kijivu, alikinunua yeye kwa mshahara wake wa kwanza, akaniletea huku amekikumbatia. "Shangazi, nataka niingie nimemshika baba mkono, kila mtu amwone." Nilikikata chote. Hakikubaki hata cha kutosha mfuko.

Kaka yangu mtaani wanamwita Afande. Bunduki hajawahi kushika, ni karani wa posta. Jina alilipata kwa kusimama wima, mabega sawasawa, hata akipanga foleni ya maji. Amenizidi miaka kumi na miwili, na tangu nipate akili sikuwahi kumwona bila shati. Nilidhani ni maringo, na nilishamwambia hivyo usoni. Siku ile, ndani ya koti langu, ndiyo kwanza niliona. Bega la kushoto limeshuka vidole vitatu. Mgongo upande wa kulia umejaa. Koti limemning'inia ubavuni kama la kuazima.

"Kaka, hiki ni nini?"

"Mgongo ulianza kupinda nikiwa na miaka tisa. Nilimwomba Mama asimwambie mtu, hata wewe ulipozaliwa." Akafunga vifungo vya shati lake la zamani, aliloshonewa na Mama, na bega likarudi juu mbele ya macho yangu. "Hayati alikuwa na namna yake. Nadhani aliondoka nayo." Akatoka.

Sasa nani wa kulaumiwa? Nikamlaumu marehemu, Mungu anisamehe. Mama alikuwa fundi kabla yangu, na pateni zake zote, zile karatasi ngumu za kahawia za kukatia nguo, niliachiwa mimi, zikining'inia kwenye msumari. Za kaka zilikuwemo. Ndiyo maana sikujisumbua kumpima. Mama hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo karatasi zake hazina hata herufi. Zina meno tu, vile vikato vidogo vya pembetatu pembeni mwa karatasi. Jino moja ni mbele, mawili ni nyuma. Ukikutanisha meno ya mkono na meno ya kwapa, mkono unakaa unakotakiwa. Hayo alinifundisha nikiwa bado nakalia ndoo kufikia cherehani, na nilijiona nimemaliza.

Lakini pateni ya mgongo wa kaka ilikuwa na vipande viwili. Kimoja safi. Cha pili kimebandikwa viraka juu ya viraka, meno yamejaa begani kama msumeno. Siku ya kukata nikasema Mama hapa alikosea, akaanza upya. Nikakitupa pembeni, nikakunja kitambaa mara mbili na kukata pande zote kwa kile safi, kama fundi yeyote anavyomkatia mtu yeyote. Kwani nani anamkatia mtu kulia mbali na kushoto mbali?

"Si ungeniambia!" nikapiga kelele peke yangu, nikaupiga teke mguu wa meza.

Meza ikayumba, na chini ya mguu vikachomoka vipande vya kadibodi. Nilivisokomeza hapo mwenyewe baada ya msiba, kwa sababu meza ilikuwa haitulii. Nilivikuta ndani ya kapu la Mama nikaviona takataka. Miaka mitatu cherehani yangu imekalia vile vipande. Nikainama nivirudishe, mkono ukagoma.

Vilikuwa vitano, vyote nusu mwezi, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko mwenzake. Na vilikuwa na meno. Kidogo kabisa jino moja, kinachofuata mawili, mpaka kikubwa, matano.

Nikakichukua kile kipande cha mgongo nilichokitupa. Nikaweka nusu mwezi wa jino moja begani. Ukakaa. Wa meno mawili ukaishia pale pale palipokatwa meno mawili. Wa matatu, wa manne, wa matano, kila mmoja na mahali pake, hakuna uliozidi hata upana wa uzi. Ulikuwa mto wa kuinulia bega la kushoto, umejengwa tabaka juu ya tabaka.

Nikashusha kila kitu msumarini na kutandaza sakafuni. Chini kabisa kulikuwa na pateni ya shati la shule, la mtoto wa miaka tisa. Mgongo vipande viwili, na kwenye bega la kushoto jino moja, dogo kama la panya. Shati la sekondari lina mawili. Koti lake la kwanza la kazi, matatu. Kila bega liliposhuka, Mama aliongeza nusu mwezi mmoja, akakata jino, akabandika kiraka na kusogeza alama. Miaka arobaini! Na upande wa kulia, penye mgongo uliojaa, kile kipande safi kilikuwa kirefu kuliko cha kushoto kwa nusu kidole. Kati ya jino na jino alitaka urefu ule uingizwe kidogo kidogo kwenye mshono, bila mkunjo, ili uvimbe upate nafasi yake na jicho la mtu lisipate kitu.

Nilikaa pale chini mdomo wazi. Mimi niliyejiita fundi. Nilikumbuka jinsi Mama alivyokuwa akilimaliza gauni langu asubuhi moja, shati la kaka siku mbili, na mimi nikinuna kwamba anampenda zaidi. Nikalia, na sioni haya kusema.

Kisha nikapangusa kamasi nikafanya kazi. Bahati yangu, nilikuwa nimekata pande zote kwa kipande kirefu, na koti lilikuwa la kujaribia tu, limeungwa kwa mishono mipana, bitana bado. Kupunguza kunawezekana. Nikafumua lote. Nikapunguza kushoto kwa karatasi yenye viraka, nikaisoma jino kwa jino, nikifuata kidole. Nikakata matabaka matano ya mto kwa kipande cha blanketi, nikifuata zile kadibodi.

Ijumaa asubuhi kaka hakutaka kuja. Nilimfuata posta, nikasimama mbele ya foleni na kumwambia nitapiga mayowe. Ananijua. Akaja.

Nikamvalisha. Mgongo ulitulia kama maji ya mtungini. Ubavu umekaa. Nikarudi nyuma hatua mbili kutazama. Bega la kushoto bado lilikuwa chini, kidogo tu, unene wa kidole. Nikahesabu meno tena. Sikuwa nimekosea hata moja.

"Acha, mdogo wangu," akasema kwa upole. "Umejitahidi sana."

"Hebu nyamaza! Simama hapo hapo."

Maana nilikuwa nimeelewa. Mama alimpima mara ya mwisho miaka mitatu iliyopita. Karatasi ilikuwa sahihi, bega ndilo lililoendelea na safari. Nikachukua tepu na kumpima, mara ya kwanza maishani mwangu, na yeye akafumba macho akaniacha nimguse. Nikararua boksi la nyuzi, nikachora nusu mwezi wa sita, mkubwa kuliko wote. Nikakata jino la kwanza. La pili. Mpaka sita.

Kwa huo nikakata tabaka la sita, nikalipachika begani. Kaka akafumbua macho, akatazama kioo. Akaokota kile kijinusu mwezi cha jino moja mezani, akakiweka kiganjani.

"Mto wa umbo hili naukumbuka," akasema. "Aliniambia ni siri yetu, nisiitoe shatini hata shati likifuliwa." Akanigeukia. "Nilidhani wewe hutaweza."

"Hata mimi nilidhani."

Jumamosi nilikaa mstari wa tatu. Mlango ukafunguliwa, binti akaingia ameshika mkono wa kushoto wa baba yake, ule ule. Mama mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Muone Afande, hazeeki huyu! Sijui anakula nini." Nikauma kitambaa changu cha mkononi nisipige kelele.

Pateni zimerudi msumarini, na nusu mwezi zote sita zimefungwa pamoja nazo kwa uzi. Meza yangu sasa inayumba vibaya sana, wateja wanalalamika. Iyumbe.